Kuvua trauti kwa inzi bandia katika mito na maziwa ya Mlima Kenya na Aberdare: mwongozo kamili

Trauti, samaki wa maji baridi, hadanganywi na fimbo ya kuvulia ya bei kali. Anadanganywa na inzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, anayepita mbele yake akichukuliwa na maji kama mdudu wa kweli, bila kuburutwa na uzi, wakati yeye mwenyewe hajatambua kwamba kuna mtu ukingoni. Mambo hayo mawili, mwendo wa inzi na unyatiaji wa mvuvi, yatajirudia katika kila sehemu ya mwongozo huu. Wengi wanaoanza huhangaika kwanza na kutupa mshipi mbali, kisha wanashuka mlimani mikono mitupu ilhali samaki walikuwa hatua tatu tu kutoka miguuni mwao.

Mifano yangu ni ya Kenya: mito inayoteremka kutoka Aberdare, kama Gura, Chania na Mathioya, ile ya Mlima Kenya, kama Ragati, Thiba, Nyamindi, Naro Moru, Burguret, Liki na Sirimon, pamoja na maziwa ya juu ya Rutundu, Alice na Ellis. Ukiyajua maji haya utaweza kuvua trauti popote duniani, maana samaki ni yule yule na tabia zake ni zile zile.

Samaki na chakula chake

Trauti si samaki wa asili ya kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejipatia jina kwa kusafiri nchi kavu kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura. Baadaye akaletwa trauti upinde, ambaye kwao ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki. Wote wawili walistawi kwa sababu moja, nayo ni baridi. Trauti anataka maji yenye oksijeni nyingi, na maji hushika oksijeni zaidi yakiwa baridi. Hujisikia vizuri kwenye nyuzi kama 10 hadi 16 za Selsiasi. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika, na ukimchosha katika joto hilo anaweza kufa hata kama utamrudisha mtoni. Kwetu hapa, karibu na ikweta, baridi hiyo hupatikana kwa kupanda mlima tu. Ukiwa bado kwenye mashamba ya kahawa, hujafika. Ukipita ya chai na kuingia msituni penye mianzi, uko nyumbani kwake.

Kuwatofautisha si kazi. Trauti upinde ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni na madoadoa meusi yaliyotapakaa hadi kwenye mkia. Trauti kahawia ana mgongo wa hudhurungi, tumbo la manjano, na madoa mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe. Mkiani madoa ni machache au hayapo. Tofauti hiyo ina maana kwa mvuvi. Wa upinde hupenda maji yenye kasi na huruka akishika ndoana. Wa kahawia hujificha chini ya mizizi na kingo zilizobonyea, ni mwoga zaidi, na hula sana jioni.

Kabla hujafunga inzi yeyote, geuza jiwe. Chagua lenye ukubwa wa sahani, penye maji ya kina cha kifundo cha mguu, uliinue polepole na kulitazama upande wa chini. Utaona mabuu bapa yenye mikia miwili au mitatu yakikimbilia kivulini, na vijumba vidogo kama punje za mchele vilivyojengwa kwa mchanga, ndani yake akiwamo mdudu hai. Tazama rangi zao: nyingi ni kahawia, nyeusi, au kijani kilichofifia. Tazama na urefu wao: mara nyingi havizidi sentimita moja. Hicho ndicho chakula cha trauti mwaka mzima, na ndicho utakachokiiga. Vyakula vya msimu huongezeka juu yake: kumbikumbi wanaomwagika mtoni baada ya mvua, panzi wanaopeperushwa na upepo kutoka kwenye nyasi, mchwa na sisimizi wanaodondoka kutoka matawini. Trauti wakubwa hula pia kaa wadogo wa mtoni. Siku ya kumbikumbi trauti hupoteza tahadhari kabisa, na mvuvi aliye na inzi mkubwa wa kahawia anayeelea atafurahi.

Msimu, kibali na usalama

Miezi mizuri ni ile ya ukavu: Januari hadi katikati ya Machi, na Juni hadi Septemba. Mvua za masika na za vuli huleta maji ya udongo, na trauti huwinda kwa macho. Mto ukiwa na rangi ya chai ya rangi bado unavulika. Ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani. Mito ya milimani hujaa ghafla hata kama hapo ulipo jua linawaka, kwa kuwa mvua inanyesha juu zaidi. Ukiona majani na vijiti vikianza kuelea, au maji yakibadilika rangi ghafla, toka mtoni mara moja na usimame upande utakaokurudisha kambini.

Mito na maziwa yaliyo ndani ya hifadhi za taifa za Mlima Kenya na Aberdare yako chini ya Kenya Wildlife Service, kwa hiyo kuna kiingilio na kibali cha kuvua. Nje ya hifadhi, uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti, na pale mto unapopita kwenye shamba la mtu, omba ruhusa ya mwenyewe. Maji ya trauti nchini yamekuwa kwa desturi maji ya inzi bandia tu: hakuna minyoo, hakuna wavu wa kutegesha. Idadi ya samaki unaoruhusiwa kubeba na urefu wao viulize langoni siku hiyo hiyo, usitegemee ulichosikia kwa rafiki.

Wanyama ni jambo la kuchukulia kwa uzito wote. Mianzi ya Aberdare na ya Mlima Kenya ina tembo na nyati. Hatari iko hasa karibu na mto, kwa kuwa kelele za maji huzima sauti zote: wewe humsikii nyati, naye hakusikii mpaka mmekutana uso kwa uso. Nenda na askari wa wanyamapori mwenye silaha, mwache atangulie, na njiani ongeeni kwa sauti. Ukimya uanze mkifika majini.

Kwenye maziwa ya juu, adui ni kimo. Ellis iko karibu mita 3,450 juu ya usawa wa bahari, na Rutundu imepita 3,000. Lala usiku mmoja karibu na lango kabla ya kupanda, kunywa maji ya kutosha, na ukipata maumivu ya kichwa yanayozidi pamoja na kichefuchefu, shuka. Samaki watakusubiri. Beba sweta na koti la mvua hata asubuhi ikiwa nyeupe, kwani mawingu hufunika mlima adhuhuri na baridi huingia kwa dakika chache.

Vifaa vinavyotosha

Aliyezoea kuvua kwa mshipi baharini au Ziwa Victoria anajua kwamba chubwi ndilo linalovuta uzi kwenda mbali. Hapa hali ni kinyume. Inzi bandia hana uzito wowote wa maana, kwa hiyo mshipi wenyewe umetengenezwa kuwa mnene na mzito, na ndio unaotupwa; inzi hufuata tu. Ukilielewa hili, kila kifaa kitakueleza kazi yake.

Fimbo hupewa namba kulingana na uzito wa mshipi inaoweza kuutupa. Kwa mito yetu iliyobanwa na vichaka, chukua fimbo namba 3 au 4 yenye urefu wa futi 7 hadi 8. Kwa maziwa, ambako kuna upepo na nafasi, namba 5 au 6 ya futi 9. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, nunua namba 5 ya futi 8 na nusu, itafanya kazi pote pawili. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ya bei nafuu inatosha kabisa kwa trauti wa mtoni. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi. Pesa ziweke kwenye mshipi. Nunua unaoelea, na namba yake ilingane na ya fimbo. Mshipi uliochakaa na kupasuka hauelei wala hautupiki, hata ukiwa mikononi mwa bingwa.

Mbele ya mshipi hufungwa uzi wa nailoni unaoanza mnene na kumalizikia mwembamba. Urefu wa futi 9 ni wa kawaida, lakini kwenye vijito vyenye mianzi pande zote futi 7 ni rahisi zaidi. Mwisho wake unaongezea kipande cha uzi mwembamba zaidi, nusu mita hivi, ambacho ndicho kinachofungwa inzi. Uzi huo hupimwa kwa alama ya X: 4X una unene wa milimita 0.18 hivi, 5X una 0.15, 6X una 0.13. Namba ikipanda, uzi unakonda. Mtoni anza na 5X. Ziwani, penye samaki wazito zaidi, 4X.

Kuhusu mainzi yenyewe, tuna bahati. Kenya ina mafundi wengi wa kufunga mainzi haya kwa mkono, kwa manyoya ya ndege, sufu na nyuzi za hariri, na kazi yao huuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Usiwe na haja ya mamia. Kisanduku cha kuanzia kiwe na wa kuelea aina ya Adams na Elk Hair Caddis, saizi 12 hadi 16. Wa kuzama aina ya Pheasant Tail na Hare's Ear, saizi 12 hadi 16, wengine wakiwa na ushanga wa shaba kichwani. Na wakubwa wa giza kwa ajili ya ziwa, kama Woolly Bugger nyeusi au ya kijani, na Kenya Bug, saizi 8 hadi 10. Kumbuka kwamba kwenye ndoana namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Nunua watatu watatu wa kila aina, kwa kuwa matawi ya mtoni yatachukua sehemu yake.

Vitu vidogo visivyostahili kusahaulika: miwani ya jua ya polaroidi, inayoondoa mng'ao juu ya maji ili umwone samaki, koleo ndogo ya kutoa ndoana, mkasi, mafuta ya kumfanya inzi aelee, kofia yenye ukingo, na nguo za rangi ya kijani au udongo. Shati jeupe huonekana na samaki mapema kuliko wewe unavyomwona. Kwa miguu, viatu vyenye soli inayoshika na soksi nene vinatosha mtoni. Gambuti zikijaa maji ni hatari kwenye mkondo.

Mafundo mawili

Yajue mawili tu, lakini uyajue gizani.

La kwanza ni la kufunga inzi. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoana, acha sentimita kama kumi. Zungusha ncha hiyo juu ya uzi mkuu mara tano. Irudishe ipite kwenye kitundu kilichobaki karibu kabisa na ndoana, kisha ipite tena ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Hapo simama. Lowesha fundo kwa mate, halafu vuta polepole mpaka mizunguko ijipange sambamba. Kuvuta pakavu huunguza nailoni kwa msuguano, na fundo lililoungua hukatika siku samaki mkubwa anapokuja. Kata kiasi, kisha jaribu kwa kulivuta kwa nguvu. Likikatika mkononi, shukuru limekatika mapema.

La pili ni la kuunganisha nyuzi mbili. Zilaze sambamba zikipitana kwa sentimita 15, fanya kitanzi kwa zote mbili pamoja, pitisha ncha ya uzi mnene pamoja na kipande chote cha uzi mwembamba mara tatu ndani ya kitanzi, lowesha, vuta ncha zote nne kwa pamoja.

Kabla ya kuingia mtoni bana kijino cha ndoana kwa koleo kilale. Kijino ndicho kinachozuia ndoana isichomoke, na kukibana kunamfaa samaki anayerudishwa, na kukufaa wewe pia siku ndoana itakapoingia sikioni mwako ukiwa saa tatu kutoka barabarani.

Kujifunza kutupa mshipi

Jifunzie uwanjani, kwenye nyasi, na kipande cha sufu nyekundu mahali pa ndoana. Mtoni kuna mengi mno ya kufikiria.

Toa mita saba za mshipi na uzinyooshe mbele yako. Shika fimbo kidole gumba kikiwa juu ya mpini, ncha ya fimbo ikielekea chini karibu na nyasi. Inua taratibu, ukiongeza kasi kadiri unavyopanda, kisha simamisha fimbo kwa ghafla ikiwa imepita kichwa kidogo tu, kama mkono wa saa uliosimama juu na kuegemea nyuma kidogo. Sasa subiri. Hapa ndipo karibu wote hukosea: wanarudi mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma, na inzi analia kama mjeledi na kukatika. Geuza kichwa uutazame. Ukishanyooka, sukuma fimbo mbele kwa kasi inayoongezeka na uisimamishe tena kwa ghafla, ikiwa imeinama mbele kidogo. Mshipi utaviringika na kutua. Mwishoni shusha ncha ya fimbo kufuata mshipi. Kifundo cha mkono kikae kimekaza; nguvu itoke kwenye kigasha. Ni kule kusimamisha ghafla kunakorusha mshipi, si misuli.

Kwenye mito yetu mtupo wa namna hiyo mara nyingi hauwezekani, kwa kuwa nyuma yako ni ukuta wa mianzi. Kwa hiyo mtupo wa kuviringisha ndio utakaokulisha. Mshipi ukiwa juu ya maji mbele yako, inua fimbo polepole sana mpaka ipite bega, ili mshipi uning'inie nyuma ya kiwiko chako na kufanya tumbo. Pumzika kidogo, kisha piga fimbo mbele na chini kwa mkato. Mshipi utaviringika juu ya maji bila kwenda nyuma hata kidogo. Huu jifunzie kwenye maji, bwawa lolote linatosha, kwa sababu unahitaji maji yaushike mshipi.

Mita saba nilizozitaja zinatosha samaki wengi wa mtoni. Anayetupa mita saba na kutua kwa ulaini anavua zaidi ya anayetupa ishirini kwa kishindo.

Kusoma maji na kunyatia

Trauti hukaa akiutazama mkondo, kwa kuwa chakula humjia kutoka juu. Maana yake ni kwamba mgongo wake uko upande wa chini ya mto. Mfikie kutokea chini, ukipanda kuelekea juu, na utakuwa nyuma yake.

Anapopenda kukaa ni mahali panapompa vitu vitatu pamoja: maji ya polepole ya kupumzikia, maji ya haraka yanayoleta chakula karibu, na pa kujificha. Tafuta mstari ambapo maji ya kasi na maji yaliyotulia yanagusana. Mara nyingi huwa na povu jembamba. Tafuta mbele na nyuma ya jiwe kubwa. Watu hutupa nyuma ya jiwe tu na kusahau mbele, ambako maji hugonga na kufanya kituo kidogo cha utulivu. Tafuta ukingo uliobonyea chini ya mizizi, na mwisho wa dimbwi, pale maji yanapokuwa machache kabla ya kuporomoka tena. Hapo mwisho wa dimbwi ndipo samaki huharibiwa zaidi na wavuvi, kwa kuwa mtu huingia miguu yote miwili akiwa na hamu ya kufika kwenye kina, na trauti aliyekuwa hapo anakimbilia juu na kuwashtua wengine wote. Anza kuvua dimbwi kutoka chini, ukiwa bado nje ya maji, na upande kidogo kidogo.

Macho yake huona juu kupitia duara tu la uso wa maji. Kitu kilicho chini sana karibu na usawa wa maji humwia vigumu kukiona. Kwa hiyo inama, piga magoti, tumia mawe na nyasi kama ngao. Kivuli chako na cha fimbo visimpitie. Kanyaga kwa ulaini, maana mtetemo wa ardhi humfikia. Kabla ya mtupo wa kwanza kaa umetulia dakika chache ukitazama. Mara nyingi utaona duara likifunguka juu ya maji, au mweko mweupe wa mdomo chini. Sasa unajua pa kutupa.

Njia tatu za mtoni

Ukiona wanakula juu, tumia inzi wa kuelea. Mpake mafuta, tupa juu ya samaki kwa kama mita moja na nusu, na mwache ateremke. Tazama kama anakwenda sawa na povu lililo karibu naye. Akiwa anakwenda kasi kuliko povu, au akiacha mkwaruzo nyuma yake, uzi unamburuta, na trauti hatamgusa. Tiba ni mbili: sogea karibu ili mshipi mwingi usilale juu ya mikondo tofauti, na mara mshipi unapotua, uinue kwa ncha ya fimbo na uulaze upande wa juu wa mto ili mkondo wa katikati usiuvute. Kazi nyingine yote ya inzi wa kuelea ni kurudia hilo kwa uvumilivu. Ukivuta ulegevu wa mshipi kwa mkono wa kushoto kadiri inzi anavyokurudia, utakuwa tayari akimezwa.

Wasipoonekana juu, na ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya siku, chukua buu la kuzama lenye ushanga. Juu yake, kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji, funga kichelezo kidogo cha sufu. Tupa juu ya mto na ufuate chelezo kwa macho. Likisimama, likizama, likienda pembeni, inua fimbo. Usisubiri uhakika, kwani trauti huonja na kutema kwa kufumba na kufumbua. Ikiwa hugusi mawe mara moja moja, inzi yuko juu mno. Ongeza umbali wa chelezo. Nikiulizwa mtu aanze na njia ipi, ni hii, kwa sababu inavua katika hali nyingi zaidi.

Ya tatu ni ya kutupa kuvuka mto na kuelekea chini kidogo, kisha kuacha mkondo uzungushe inzi mpaka mshipi unyooke chini yako. Hapa samaki hujinasa mwenyewe mara nyingi. Inafaa maji mapana yenye kasi ya wastani, kama baadhi ya sehemu za mto Sagana, na ni rahisi kwa anayeanza. Udhaifu wake ni kwamba unakuwa juu ya samaki, machoni pake, kwa hiyo piga hatua chache za chini baada ya kila mitupo miwili na usilazimishe mahali pamoja.

Ziwani

Ziwa halina mkondo wa kumletea trauti chakula, kwa hiyo yeye ndiye anayezunguka. Badala ya kumfuata, mpitishie inzi kwenye njia yake. Njia hizo ziko karibu kuliko watu wanavyodhani: ukingoni penye majani ya maji, mahali kijito kinapoingia, na pale kina kinapobadilika ghafla, ambapo maji ya kahawia yanageuka meusi. Asubuhi tupa kwanza sambamba na ukingo kabla hujakanyaga maji. Upepo ukiwa unavuma, vumilia na uvue upande unaopigwa na mawimbi, kwani wadudu hukusanywa huko.

Chagua inzi mkubwa wa giza. Mabuu ya kereng'ende yamo katika maziwa haya, nayo ni chakula kinono. Tupa, kisha hesabu taratibu hadi tano huku inzi akizama, na uanze kuvuta mshipi kwa vidole, kipande cha sentimita kumi kwa wakati, ukisimama kila baada ya mvuto mmoja au miwili. Usipopata kitu, hesabu hadi kumi, kisha kumi na tano, mpaka uguse majani au samaki. Kina kilichokupa samaki wa kwanza kishike. Ncha ya fimbo ikae karibu na maji na ielekee moja kwa moja kwenye mshipi, la sivyo hutahisi mguso. Trauti wengi hufuata inzi hadi miguuni na kumshika anapoanza kuinuka, kwa hiyo usimtoe majini kwa pupa. Mwinue polepole na usimamishe kidogo.

Vua tangu alfajiri hadi saa tano, kabla mawingu hayajashuka. Kingo za maziwa ya juu zina matope ya majani yaliyooza yanayomeza mguu, na maji ni ya baridi kali, kwa hiyo vulia nchi kavu.

Akishika

Inua fimbo kwa uthabiti, si kwa nguvu. Uzi wa 5X hukatika kwa mshtuko, si kwa uzito. Fimbo ikae imepinda wakati wote ili iuchukue mshtuko huo. Akikimbia, mpe mshipi ukiteleza vidoleni, akisimama, urudishe. Akiruka, shusha ncha ya fimbo. Akielekea kwenye mizizi, laza fimbo upande wa pili na umgeuze kichwa; kumvuta kwa upande humchosha haraka kuliko kumvuta juu. Lowesha wavu, uutie majini kabla hajafika, na umlete yeye juu ya wavu. Kumkimbiza kwa wavu ni njia ya kumpoteza.

Unayemrudisha, mguse kwa mikono iliyolowa tu, kwa kuwa mkono mkavu unaondoa utelezi unaomkinga na ukungu wa ngozi. Mwache ndani ya maji ukitoa ndoana kwa koleo. Kisha mshike kwa ulegevu chini ya tumbo, kichwa kikitazama mkondo, mpaka aondoke mwenyewe. Trauti kahawia mkubwa ningependa arudi, maana ndiye anayezaa wengi.

Unayemla, mmalize hapo hapo kwa pigo moja la kijiti kizito juu ya kichwa, nyuma ya macho. Mpasue tumbo, toa matumbo na matamvua, na kwangua kwa ukucha ile damu nyeusi iliyolala kando ya uti wa mgongo, maana ndiyo inayoleta uchungu na harufu. Tazama tumboni amekula nini. Itakusaidia kuchagua inzi wa saa inayofuata. Mviringishe kwenye nyasi mbichi zilizolowa, si kwenye mfuko wa plastiki. Magamba yake ni madogo mno, huna haja ya kuyaparua. Chumvi, ndimu na kitunguu tumboni, kisha juu ya makaa dakika tano hivi kila upande kwa samaki wa robo kilo, mpaka nyama iachane na mfupa.

Kabla ya kuhamia mto mwingine osha viatu na wavu, kisha uvianike juani vikauke kabisa, ili usihamishe magonjwa ya samaki wala mimea ya maji. Usibebe trauti hai kwenda kumwaga kwenye kijito kisicho nao, hata ukiombwa na wenyeji. Ni mla nyama, na vijito vingi vya juu bado vina samaki wadogo, vyura na wadudu wa asili ambao hawajui kumkwepa. Kisanduku cha mainzi kiache wazi usiku kucha karibu na moto, si juu yake, kwa kuwa ndoana zenye unyevu huota kutu hata kwa siku moja.